Taa za Humo Ndani

Kama kuna watu wanaoweza kuongea kutwa nzima bila kusema kitu, ni wapigapicha, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo sisingizii. Tuko arobaini na mmoja kwenye kundi la simu linaloitwa Mwanga Wetu. Jina zuri. Lakini nina miaka minne humo na sijaona mtu akizungumzia mwanga. Tunazungumzia lenzi. Nani kanunua lenzi gani, ina uzito gani, na kwa nini ile ya mwenzake ni ya kutupa. Kila Ijumaa mtu anaweka picha yake nzuri kuliko zote za wiki, wenzake wanamsifu, tunaachana kwa amani. Hakuna aliyewahi kuweka picha iliyoharibika. Ukituangalia utadhani sisi hatukosei.

Kinara wa maneno ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Tuko studio moja, meza yake inatazamana na yangu, na watu wote wanamwita Vipimo, kwa sababu hata ukimuuliza habari za asubuhi atakujibu kwa milimita. Kamera zake hazizeeki. Kabla moja haijapata mkwaruzo ameshabadilisha. Mimi ninayo moja, ya miaka kumi na moja. Mpira wake wa kushikia ulibanduka nikaubandika kwa gundi ya viatu, na nikibonyeza inalia klak, kama mlango wa kabati la chuma. Naipenda hivyo hivyo. Ila siku ninayotaka kuisimulia haikufaa, au ndivyo nilivyoaminishwa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa anaapishwa kuwa wakili. Mama aliingoja siku hiyo kuliko hata mwenyewe. Alishashona gauni, alishachagua viatu. Wiki tatu kabla, akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, daktari akasema kitandani miezi mitatu. Mama si mtu wa kulia ovyo. Aligeukia ukutani tu, na chai akaikataa. Jioni akaniita.

"Wewe si ndiyo kazi yako hii?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi niletee ile dakika ameinua mkono. Hizo nyingine za kucheka nje na maua, kaa nazo."

Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja kuchukua nyumba, na Mama akaenda mahakamani peke yake, kitinda mimba mgongoni. Akainua mkono, akaapa, akasema yote anayoyajua. Hakuwa na wakili. Ndugu za Baba walikuwa nao wawili. Mwezi uliofuata tukahama. Sasa jengo ni lile lile na ukumbi ni ule ule, na Mama alitaka kuona mkono mwingine ukiinuliwa mle ndani. Kwa kuwa hakuweza kwenda, macho yake nilikuwa mimi.

Mahakama ikatoa masharti kwa barua. Wapigapicha wa familia ruksa, wasimame kandokando ya kuta, hakuna flashi, hakuna sauti ya aina yoyote, atakayesikika atatolewa. Nikaitazama kamera yangu pale mezani nikaisikia kabisa ikisema klak. Nikafanya kosa langu la kwanza, nikauliza kundini: "Jamani, nina kiapo mahakamani, kimya kabisa. Nitumie nini?"

Saa moja haikupita, majibu themanini. Huyu anasema lenzi ndefu, yule anasema fupi usogee, mwingine anasema wote wawili hawajui kitu. Wawili waligombana mpaka mmoja akajitoa kundini, akarudishwa, akajitoa tena. Swali langu walishalisahau. Vipimo, aliyekuwa ameketi mita mbili kutoka nilipo, badala ya kufungua mdomo akaandika humo humo ili watu wote wamwone: "Shemeji, chukua yangu mpya. Zima mlio. Hata mbu hatakusikia." Hapo wote wakakubaliana. Zima mlio, zima mlio, zima mlio.

Katikati ya kelele hizo, kuna mtu aliandika sentensi moja. Tunamwita Pasipoti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, picha ndogo za vitambulisho, kwenye chumba kimoja nyuma ya ofisi za serikali. Ni mtu wa rika langu, shati limechomekwa siku zote, na kundini huwa anaandika maneno mawili tu: "Asante" na "Poleni". Siku ile aliandika: "Taa za humo ndani ni zipi?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilimwekea kikatuni cha kucheka mpaka machozi, na watu sita wakaniunga mkono. Nilidhani jamaa hajaelewa swali.

Basi siku ikafika. Ukumbi ulikuwa umekarabatiwa: dari jipya lenye taa bapa nyeupe, na kuta za mbao zilizolazwa, zimepigwa vanishi mpaka zinang'aa. Tulikuwa wapigapicha saba. Mimi nilisimama ukuta wa kushoto, kamera ya Vipimo shingoni, nyepesi mpaka nikawa naishika kila mara kuhakikisha ipo. Nikaangalia ng'ambo, nani yuko ukuta wa kulia? Pasipoti. Ana kamera kongwe, pacha wa ile niliyoiacha studio, na ameiviringishia taulo la mtoto mchanga lenye picha za bata, kuzuia mlio. Familia moja ilikuwa imempa kazi. Akanipungia mkono. Nikajifanya nasoma jina lililobandikwa kwenye kiti. Nilimuonea aibu, nasema kweli.

Akaitwa mdogo wangu. Akasogea mbele ya jaji, joho limempwaya mabegani, akainua mkono wa kulia. Nikaanza kupiga. Kamera haikutoa hata pumzi. Mstari mdogo mweupe ulikuwa unapepesa tu kwenye kioo kuniambia imechukua, imechukua, imechukua. Nikajisemea Vipimo leo ana haki ya kuringa.

Mdogo wangu amefika katikati ya kiapo, ng'ambo ikalia klak.

Taulo halikusaidia kitu. Kila kichwa mle ndani kikageuka, na mdogo wangu naye akageuka, mkono bado uko juu. Damu ilinichemka. Dakika ya Mama yangu, huyu mtu anaigongea makopo. Nikamtolea macho Pasipoti kutoka upande wangu, nikaweka kidole mdomoni. Yeye akabonyeza tena. Klak. Karani wa mahakama akainuka, anaangaza huku na huku hajui ni kamera ya nani, akanitazama mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonyesha kwa kidevu. Pasipoti akatolewa mlangoni na taulo lake la bata likining'inia. Mtu wake alikuwa ndiye anayefuata kuitwa.

Mdogo wangu akamalizia kiapo. Kule nje tukapiga za kucheka na maua. Nilifungua kioo cha kamera nikavuta picha za kiapo karibu, nikatazama jicho, jicho ni kali kama ncha ya sindano. Nyuma yake niliona vivuli vya kulala, nikasema hizo ni mbao za ukuta. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimeshajipongeza.

Studio, kwenye kioo kikubwa, hazikuwa mbao. Mistari mipana ya giza ilikuwa imekata picha kutoka upande mpaka upande. Imepita kwenye joho, imepita kwenye shavu, imepita kwenye mkono ulioinuliwa. Picha ya pili hivyo hivyo. Ya kumi. Ya arobaini. Ile mistari haikukaa hata mahali pamoja, ilikuwa inapanda na kushuka, picha hii imefunika macho, picha ile imefunika mdomo. Mdogo wangu alikuwa anaapa kuwa wakili, lakini kwenye picha zangu alionekana mfungwa. Nilikaa pale nimeshika kichwa. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, Mama ameuliza mara tatu kwa simu kama nimeshasafisha picha.

Vipimo akaja na kikombe chake, akainama juu ya bega langu.

"Aa," akasema. "Mistari."

Namna alivyosema ndiyo iliyonitisha. Alisema kama mtu aliyekutana na jirani yake sokoni.

"Unaijua?"

"Ni taa zile. Ukizima mlio chini ya taa za namna ile, wakati mwingine inatokea. Si kamera, shemeji. Kamera ni nzuri."

"Wewe ilishakutokea?"

Akanywa chai taratibu. "Mara moja. Ile semina ya watu wa bima."

"Uliniambia semina iliahirishwa."

"Sasa ningekuambiaje?"

"Ungeniambia picha zimeharibika. Ungeniambia jana. Ungeniambia juzi, wakati unaniandikia mambo ya mbu mbele ya watu arobaini."

"Shemeji, nani anatangaza vitu kama hivyo? Kazi itaniendea wapi?"

Nilimwomba aondoke mbele yangu kabla sijamfanyia jambo ambalo kaka yake hatalipenda. Hakuondoka. Alikaa akajaribu kuzitengeneza, hilo nampa. Saa mbili nzima anafuta mistari kwenye uso, na alipomaliza mdogo wangu alikuwa na ngozi ya mwanasesere na sikio moja halipo. Tukajaribu kuzifanya nyeusi na nyeupe. Mistari ikazidi kupendeza.

Hapo ndipo hasira ikanipeleka kundini. Nikaweka ile mbaya kuliko zote, ambayo giza limefunika macho. Nikaandika: "Hii ndiyo picha yangu ya wiki. Nilizima mlio kama mlivyosema. Kuna mwingine?"

Niliona wakisoma. Ishirini wamesoma, thelathini wamesoma. Hakuna neno. Mtu mmoja akauliza kama kuna anayeuza begi la lenzi. Kisha simu ikaanza kutetemeka, lakini si kundini. Ni pembeni, mmoja mmoja, wananinong'oneza kama wanadaiwa siri. "Pole dada, hata mimi, mwaka jana, ukumbi wa chuo." "Usimwambie mtu, ilinipata kwenye tamasha la shule." "Mimi niliwaambia wateja kadi imeungua." Nilihesabu tisa. Nikarudi kwenye mazungumzo ya siku ile nikatafuta majina yao. Saba kati ya hao tisa walikuwa wameandika zima mlio.

Ungekuwa na mimi pale ungenielewa. Si kwamba hawakujua. Walijua, kila mmoja ameungulia kwenye sufuria ile ile, na kila mmoja amemtazama mwenzake akitia mkono akanyamaza, ili tu aonekane hajawahi kuungua. Waswahili walisema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeuficha mpaka tukasahau kwamba tunao.

Nikiwa bado napekua, nikalikuta swali la Pasipoti. Taa za humo ndani ni zipi? Chini yake kikatuni changu kinacheka mpaka machozi. Nikalisoma kama mara nne. Mtu mmoja tu kati ya arobaini ndiye aliyeuliza kitu kilichokuwa na maana, nami ndimi niliyemcheka, kisha nikamtoa ukumbini kwa kidevu. Na yeye, ambaye kila mtu humwandikia "Poleni", mimi hakuniandikia.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Chumba chake ni kidogo, pazia jeupe upande mmoja, kiti cha duara, kioo na kitana cha wateja kimefungwa kamba kisiibwe. Alikuwa anakata picha ndogo kwa kile kikatio cha mkono. Hakuinua macho.

"Kaa," akasema. "Kidevu juu kidogo."

Nikadhani anataka kunipiga picha. Kisha nikamwona anavyonitazama, nikajua kidevu gani kinachozungumziwa.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimesikia." Akakata nyingine nne, akazipanga. "Picha yako niliiona. Unajua kwa nini inafanya vile?"

"Hapana. Vipimo alisema taa tu."

Akakisukuma kikatio pembeni. Akanieleza kwa kutumia kipande cha karatasi, akikishusha polepole mbele ya uso wangu. Kamera ikizimwa mlio haichukui picha yote kwa mpigo. Inaisoma kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari. Na taa zile za darini haziwaki moja kwa moja, zinawaka na kufifia upesi upesi, jicho halioni. Mstari mmoja umekuta taa imewaka, mwingine umekuta imefifia. "Ungepunguza kasi ya kamera, labda mistari ingepungua. Au ungeiacha ilie."

"Ulijuaje yote haya?"

"Niliwahi kuazima moja ya hizo za kisasa, mahafali ya wauguzi. Picha mia mbili, zote shuka la mistari. Nilikwenda kuwapigia magoti."

"Na hukusema kundini?"

Akacheka kwa pua. "Nilitaka. Nikafungua simu, kumbe Ijumaa. Watu wanaweka mazuri yao."

Kwa hiyo hata yeye. Nilitaka kukasirika, lakini hasira ilikuwa imeniishia njiani. "Lakini mimi uliniuliza. Mbona hukuendelea, ukaniambia moja kwa moja?"

"Ningeendelea baada ya kile kikatuni? Mtu mzima akichekwa mara moja inamtosha."

Nikamuuliza habari za mtu wake, yule aliyeitwa baada ya mdogo wangu. Akasema alimpiga kupitia kioo cha mlango, anaonekana kisogo na ncha za vidole. Familia imekipokea kisogo, wamekitundika sebuleni. Alisema bila kunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Basi zile mbili zilikuwa za nini?" nikauliza. "Mtu wako alikuwa bado."

"Nilikuwa napima mwanga kwa mdogo wako. Joho moja, mahali pamoja. Nikaona ya kwanza imekuwa giza, nikafungua lenzi kidogo mwanga uingie, nikarudia." Akavuta droo, akatafuta kadi. "Sijazifuta. Ya kwanza haifai kitu. Tazama hiyo ya pili."

Akaifungua kwenye kompyuta yake, ambayo kioo chake kina ufa kwenye kona. Nikasogeza uso karibu. Hakukuwa na mstari hata mmoja. Mdogo wangu amesimama, joho limempwaya, mkono wa kulia uko juu, vidole vimenyooka. Uso ameugeuzia kamera, macho yamefunguka, na mdomo uko katikati ya neno. Ni picha nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuipiga mle ndani au nje yake. Na pale kati ya mkono ulioinuliwa na kichwa chake, nyuma kabisa, kwenye ukuta wa kushoto, nipo mimi. Nimetoa macho kama nimekanyagwa, kidole mdomoni, namwambia mpigapicha anyamaze.

"Samahani kwa hilo," akasema Pasipoti. "Ulikuwa umesimama hapo."

Alinipa, hakutaka kitu. Vipimo alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajitolea kunikata, kwa sababu ni shemeji yangu na ana huruma zake. Haikuwezekana. Ukinikata mimi, mkono unakwenda pamoja nami. Akapendekeza anifute kwa kompyuta, anipake mbao. Nikamkumbusha lile sikio.

Basi nikaichapisha kama ilivyo, kubwa, nikampelekea Mama. Njiani nilitayarisha maneno, nikayasahau mlangoni. Nilimpandisha mto mgongoni, akavaa miwani, akaishika picha kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mkono, kuanzia kiwikoni mpaka kwenye ncha za vidole.

"Ananitazama mimi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akaisogeza karibu zaidi na miwani. "Na huyu hapa nyuma, aliyetoa macho, ni nani?"

"Ni mimi."

"Na kidole mdomoni?"

"Nilikuwa namnyamazisha mtu. Alikuwa anapiga kelele na kamera yake."

"Nani?"

"Aliyepiga hiyo."

Mama akanitazama juu ya miwani, kisha akairudia picha.

"Afadhali hakukusikia," akasema, akaniambia nitafute msumari.